Seli shina na mguu wa mgonjwa wa sukari usiopata damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wagonjwa wa sukari na jamaa zao, wengi wao watu wa Bombo, Busia, Tororo na upande wa Arua, hapa Uganda, wanaopenda kuelezwa kwa Kiswahili. Mengine huulizwa kliniki. Mengine huingia kwenye simu usiku, yakifuatana na video ya mtu anayetupa magongo. Ninayajibu kama muuguzi wa vidonda, si kama mfanyabiashara wa tiba yoyote.

Seli shina ni nini hasa?

Seli nyingi za mwili zimeshachagua kazi: ya ngozi ni ya ngozi, ya ini ni ya ini. Seli shina bado hazijajifunga. Zinaweza kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Uboho ndani ya mifupa unazo, na ndizo zinazokutengenezea damu mpya kila siku. Zimo pia kwenye mafuta ya mwili, damu ya kitovu na kondo la nyuma. Kupandikiza uboho kwa wenye saratani ya damu ni tiba halali ya miongo mingi, na hapo ndipo jina hili lilipopata heshima yake. Kwa mguu wa sukari habari ni nyingine.

Kwa nini sukari inaishambulia miguu?

Kwa njia mbili, na mara nyingi zote zinakuja pamoja. Kwanza, neva zinakufa ganzi, kwa hiyo mtu anakanyaga msumari na kuendelea na safari. Pili, mishipa inayopeleka damu inajaa mafuta na chokaa kwenye kuta zake mpaka njia inabana. Kwa mgonjwa wa sukari kubana huko hupenda sana mishipa ya chini ya goti, ambayo ni myembamba na ni migumu kuifungua. Ukichanganya na presha, mafuta mengi kwenye damu na sigara, mambo yanaenda mbio. Kidonda kisicho na damu hakina chakula, hakina hewa, na hata dawa ya vijidudu unayomeza haikifikii vizuri. Ndiyo maana watu wanakiita donda ndugu: hakiondoki.

Muuguzi, mzee wetu anaamka usiku na kuning'iniza mguu kando ya kitanda. Si ni ganzi tu?

Sivyo, na swali hili naomba ulisome mara mbili. Mtu ambaye mguu unamuuma akilala na kupata nafuu akiuteremsha anatumia uzito wa damu yenyewe kuisukuma ifike chini. Wengine huishia kulala kwenye kiti. Hiyo ni dalili ya mshipa uliobana vibaya. Ukitazama kwa makini utaona zaidi: muundi hauna vinyweleo tena, ngozi inang'aa, kucha zimekuwa nene, unyayo ni baridi kuliko wa pili. Mwinulie mguu akiwa amelala chali, uone kama unapauka. Akikaa na kuuteremsha, unageuka mwekundu wa kuiva. Mzee wa hivyo apelekwe kupimwa wiki hii, asingojee tarehe yake ya kliniki.

Kuna wengine ambao hawaumwi kabisa kwa sababu ganzi imeficha maumivu. Hao ndio wanaonitisha zaidi.

Mguu unapimwaje kama unapata damu?

Mhudumu anaanza na vidole vyake, akitafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Kisha kipimo cha dopla: unalala, unafungwa mkanda wa presha juu ya kifundo, unapakwa jeli, na kikalamu kidogo kinawekwa juu ya mshipa. Mshipa mzima unasikika kwa mpigo mkali, shwa-shwa, shwa-shwa. Uliobana unatoa mvumo mmoja mzito unaoburuta. Presha ya kifundo inagawanywa kwa presha ya mkono. Jibu kati ya 1.0 na 1.4 ni la kawaida. Chini ya 0.9 mshipa umebana. Chini ya 0.4 hali ni mbaya.

Lakini kuna mtego. Kwa wagonjwa wa sukari, mishipa huweza kuwa migumu kwa chokaa hata mkanda usiweze kuibana, na namba ikatoka nzuri kwa uongo, mara nyingine juu ya 1.4. Kwa hiyo ukiambiwa "namba yako ni nzuri" huku kidole kinageuka cheusi, omba kipimo cha presha ya kidole gumba au picha ya mishipa.

Tiba ya seli shina inafanywaje?

Wazo lilipata nguvu mwaka 1997, pale Takayuki Asahara na wenzake huko Boston walipoonyesha kwamba damu ya mtu mzima ina seli zinazoweza kujenga utando wa ndani wa mishipa mipya. Mwaka 2002 madaktari wa Japani wakachapisha matokeo ya kuijaribu kwa binadamu. Mgonjwa alipewa dawa ya usingizi, sindano nene ikachomwa kwenye mfupa wa nyonga, na ukachotwa uboho wa kama nusu lita. Maabara ikazitenga seli zilizotakiwa, kisha zikadungwa kwenye misuli ya tafu la mguu, tundu baada ya tundu, kama mara 40. Watafiti wengine baadaye walizipitisha kwenye mshipa mkubwa wa paja, na wengine wakatumia seli za mtu aliyejitolea, au za kondo la nyuma, zilizokuzwa maabara.

Usidhani seli hizo zinageuka kuwa mshipa mpya. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kutoa kemikali zinazouhimiza mwili uchipushe vijishipa vya kuzunguka palipoziba. Mtu wa Busia ataelewa upesi: barabara kuu ikifungwa mpakani, mzigo unapita njia za panya. Lakini lori halipiti njia ya panya, na vijishipa hivyo pia havibebi damu ya mshipa mkubwa.

Inafanya kazi, ndiyo au hapana?

Kwa ushahidi uliopo leo: kwa kuokoa mguu wa mgonjwa wa sukari, haijathibitishwa. Najua jibu hili haliridhishi, basi tufuate historia yake.

Utafiti wa Japani ulileta matumaini. Maumivu yalipungua, watu walitembea zaidi. Ila wagonjwa hawakufika 50. Tafiti ndogo nyingi zikafuata katika nchi mbalimbali, na nyingi zikasema vidonda vinapona. Ndipo Uholanzi wakafanya jambo gumu zaidi. Walichukua wagonjwa 160 wenye mishipa ya miguu iliyobana vibaya, wote wakachotwa uboho, kisha nusu wakapewa seli zao kwenye mshipa wa paja mara 3 na nusu wakapewa maji yasiyo na seli za uboho, yaliyotiwa damu kidogo ya mgonjwa mwenyewe ili yafanane nazo. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini. Matokeo yalitoka 2015. Baada ya miezi 6, waliokatwa mguu upande wa seli walikuwa 19 katika kila 100, na upande wa maji 13 katika kila 100. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema seli zinadhuru, lakini inatosha kuzuia mtu yeyote kusema zimeokoa miguu.

Baadaye kampuni moja ya Israeli ilijaribu seli za kondo la nyuma kwa wagonjwa wa nchi kadhaa, na mwaka 2020 ikatangaza kwamba lengo halionekani kufikiwa. India kwa upande wake imeruhusu bidhaa moja ya seli za uboho, ikianza mwaka 2016 kwa masharti, mwanzoni kwa wenye ugonjwa wa Buerger. Huo ni ugonjwa wa mishipa unaowapata wavutaji wa tumbaku, wengi wakiwa vijana, na miguu yao si sawa na ya mtu aliyeugua sukari miaka 15. Ukisikia "imefaulu asilimia kadhaa", uliza kwanza: kwa wagonjwa gani? Marekani, mamlaka ya dawa haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa mishipa ya miguu.

Kuna mantiki pia ya kuwa na shaka kwa mgonjwa wa sukari hasa. Sukari iliyokaa juu miaka mingi inazichosha hata seli za uboho: zinapungua na uwezo wake wa kuchipusha mishipa unashuka. Unapotumia seli za mgonjwa mwenyewe, unatumia mbegu zilizokwisha pigwa na ugonjwa uleule.

Mbona kuna watu wanaosema wamepona kabisa?

Wengine wanasema kweli, wamepona. Swali ni kilichowaponya. Katika utafiti ule wa Uholanzi, maumivu yalipungua na maisha yakawa mepesi kwa makundi yote mawili, hata waliopewa maji yasiyo na seli za uboho. Mtu akiingia kwenye matibabu ya gharama anaacha sigara, anapima sukari kila siku, anafungwa kidonda na mikono inayojua kazi, anapumzisha mguu. Hayo peke yake yanaponya vidonda vingi. Video ya kwenye simu haina kundi la pili.

Kuna dada anauza unga wa seli shina kwenye vifuko. Unaweka chini ya ulimi asubuhi na jioni. Je?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni usinunue.

Soma kifuko chenyewe, nyuma, kwenye maandishi madogo. Utakuta ni dondoo la tufaha, zabibu au mmea mwingine, pamoja na ladha na sukari au kiongeza utamu. Seli ya mmea haiwezi kuwa seli ya mshipa wa binadamu. Hata ingekuwa seli ya binadamu, ikikaushwa kuwa unga imekufa. Seli hai husafirishwa kwenye baridi kali na kudungwa kwa sindano, hazikai kwenye kabati la duka huko soko la Owino, Kampala. Na ikimezwa, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage.

Kinachonikera si hela tu, ingawa ni nyingi. Ni namna inavyouzwa. Muuzaji ni mtu wa kanisani kwenu au shangazi wa jirani, naye mwenyewe kaingizwa na mtu wa juu yake, anatakiwa kuingiza wengine. Anakuja nyumbani, anakaa mkekani, anamwita mgonjwa mama. Halafu anasema ile sentensi: "Ukianza hii, dawa za hospitali pumzisha kwanza, zisigongane." Mgonjwa anaacha metformini au insulini, sukari inapanda mpaka juu ya 20 (mmol/L), kidonda kinanuka, naye anaambiwa harufu ni "sumu inatoka". Anapofika kwetu, tunazungumza kukata chini ya goti au juu ya goti.

Vingi vya vifuko hivi vinauzwa kama virutubisho. Uliza muuzaji akuonyeshe usajili wa National Drug Authority, mamlaka ya dawa ya Uganda, wa bidhaa hiyo kama dawa ya kutibu sukari au mishipa. Usajili kama chakula si usajili wa tiba.

Hospitali ya Mulago, Kampala, wanafanya tiba hii?

Seli shina kwa mguu wa sukari haimo katika matibabu ya kawaida ya Uganda, iwe hospitali ya serikali au ya misheni. Mtu akikuambia anaifanya kwenye chumba cha kupanga Kampala, una haki ya kuuliza jina lake katika orodha ya baraza la madaktari, seli zinatoka wapi, maabara iko wapi, na kibali kimetolewa na nani. Mwenye kazi halali hakasiriki kwa maswali hayo.

Nimepewa barua ya kliniki moja ya India. Niuze kiwanja niende?

Wagonjwa wa Uganda wanaenda India kwa mambo mengi na wengine wanarudi wazima, sina neno na hilo. Lakini usipande ndege kwa ajili ya seli kabla hujajibiwa jambo moja: je, mshipa wako unaweza kufunguliwa? Ukipigwa picha ya mishipa na kuonekana panapitika, puto la kutanua mshipa au upasuaji wa kuupitishia damu kando, kwa kutumia mshipa wako mwenyewe wa mguuni, ndizo njia zenye ushahidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba mwenye mshipa mzuri wa mguuni anafanya vizuri zaidi kwa upasuaji huo kuliko kwa puto. Uganda madaktari wa mishipa ni wachache na karibu wote wako Kampala, kwa hiyo omba rufaa mapema. Kama fedha ya kiwanja ni lazima itumike, itumike hapo kwanza.

Wakishasema kwamba mshipa haufunguki kabisa, basi waulize kliniki ya seli: ni seli za nani? Zinadungwa wapi? Ni utafiti uliosajiliwa au ni huduma ya kulipia? Wagonjwa wangapi wa sukari mmewatibu, na wangapi walikatwa mguu ndani ya mwaka? Nani ataniangalia nikirudi Tororo na homa? Barua nyingi hazina jibu la swali la mwisho.

Ina madhara?

Katika tafiti zenye usimamizi, madhara makubwa yamekuwa machache: maumivu ya nyonga, uvimbe wa tafu, kushuka kwa damu kwa waliochotwa uboho mwingi, na hatari za kawaida za dawa ya usingizi kwa mtu mwenye moyo dhaifu. Nje ya usimamizi ni hadithi tofauti. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliodungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, katika kliniki ya kulipia huko Florida. Walipoteza uwezo wa kuona. Mguu si jicho, lakini uchafu wa maabara ni uleule. Na mwenye saratani, au jicho lenye vijishipa vipya vya sukari, anaangaliwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hatutaki kuchipusha mishipa mahali pasipotakiwa.

Dini inaruhusu? Nasikia ni watoto walioharibiwa mimba.

Seli zilizotumika kwa miguu zimetoka kwenye uboho, damu, mafuta, kitovu au kondo baada ya kujifungua, si kwenye mimba iliyotolewa. Bado una haki ya kuuliza chanzo. Mengine muulize shehe au padri wako.

Nikiacha sigara sasa itasaidia? Na shisha?

Ndiyo, kuliko sindano yoyote niliyotaja hapa. Shisha ni moshi wa tumbaku uleule, na imepigwa marufuku Uganda kwa sheria ya tumbaku ya 2015.

Kidole kimeshakuwa cheusi. Tusubiri tupate fedha za seli?

Msisubiri. Kidole kikavu cheusi kisicho na harufu kinahitaji daktari siku hizi mbili tatu. Chenye maji, harufu, uvimbe unaopanda, au mgonjwa ana homa na anachanganyikiwa, ni usiku huohuo, hata kwa boda. Kukata kidole kimoja leo mara nyingi ndiko kunakobakiza unyayo. Familia nyingi zinakaa kikao cha ukoo wiki mbili, na kikao kinapoisha ugonjwa umeshavuka kifundo.

Nimeshakatwa mguu mmoja. Seli zinaweza kuuotesha?

Haziwezi. Mguu wa bandia unapatikana: uliza karakana ya Mulago au hospitali ya CoRSU, Kisubi, njia ya Entebbe. Na mguu uliobaki sasa ndio mgonjwa wako mkuu. Upimwe mishipa hata kama hauumi.

Basi nifanye nini nyumbani, maana hizo picha za mishipa ni mbali na ghali?

Kagua nyayo kila jioni kwa kioo, au mwite mjukuu mwenye macho mazuri, atazame mpaka katikati ya vidole. Osha kwa maji ya vuguvugu yaliyojaribiwa kwa kiwiko cha mtu asiye na sukari, kausha, paka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole. Miguu isiote moto kwenye sigiri. Nimefunga vidonda vya kuungua ambavyo mwenyewe hakuvisikia. Viatu viwe vya kufunika vidole, na kabla ya kuvaa, tia mkono ndani. Sapatu zenye kamba katikati ya vidole na zile za matairi ziache kwa wenye miguu yenye hisia.

Halafu funza. Watu wa Busoga wanaelewa. Kwa mtoto, bibi anachukua pini, anaipitisha motoni, anachokoa, anapaka parafini, maisha yanaendelea. Kwa mgonjwa wa sukari tundu lile dogo kando ya ukucha ndilo mlango wa donda. Usichokoe nyumbani. Njoo kituo cha afya tumtoe kwa kifaa safi, tusafishe, tukuangalie baada ya siku chache, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Kwa dawa: mwenye mishipa iliyobana mara nyingi anahitaji aspirini ya dozi ndogo au klopidogreli, ambazo huzuia damu kuganda, pamoja na statini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, juu ya dawa za sukari na presha. Wengi wa wagonjwa wangu hawajawahi kusikia statini, huku wanajua jina la kila unga wa kifukoni. Muulize daktari wako kama inakufaa.

Kukifunguliwa utafiti wa kweli wa seli shina hapa Uganda, nitautambuaje?

Hutatozwa hela kwa seli hizo, na kwa kawaida utarudishiwa nauli. Utafiti utakuwa na kibali cha kamati ya maadili, usajili wa Uganda National Council for Science and Technology (baraza la taifa la sayansi na teknolojia) na idhini ya National Drug Authority. Utapewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoisoma, uende nayo nyumbani ukaijadili, na itakuambia wazi kwamba huenda ukaangukia kundi lisilopewa seli na kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kwenye fomu kuna namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati ya maadili. Ipigie kabla ya kutia sahihi.